Maana ya Nne ya Émetteur

Shoga, nimekwisha! Si unajua natafsiri kitabu cha mtambo mpya wa redio yetu?

Nilikuwa studio na fundi, namweleza lile neno la Kifaransa, émetteur. Nikamwambia ni mtambo wa kurushia matangazo, ni mguu mmoja wa transista, kile kidude cha ndani ya redio, na hata benki inayotoa kadi.

Akauliza, "Basi, hizo tu?"

Nikasema, "Na bosi wetu! Anarusha maneno kutwa, kupokea hajui." Tukacheka mpaka machozi.

Kumbe fundi alikuwa anaujaribu mtambo, akasahau kuzima kipaza sauti. HEWANI, shoga. Hewani!

Mama akapiga simu: "Mwanangu, bosi gani huyo?"

Papo hapo ujumbe wa bosi ukaingia. Neno moja tu:

"Nimepokea."