Nilimpima Kabla ya Kumuuliza Jina

Mpendwa mama,

Nipo nyumbani kwako Nachingwea tangu juzi, na leo sijatoka nje kabisa. Majirani wanadhani naumwa. Siumwi, mama, naona haya. Ungekuwepo ungenisongea ugali kwanza, kisha ndipo uniulize nimefanya nini huko Nambilanje.

Unakumbuka zile kanga? Kila uliponunua doti sokoni, ulikata kipande kutoka kanga moja ukakiungia chini ya ile nyingine, ili inifike kwenye vifundo vya miguu. Iliyopunguzwa ulivaa wewe, na kwa ufupi wako ilikutosha. Watu walitutania kwamba kimo chetu kikigawanywa vizuri watapatikana wanawake wawili wa kawaida. Ulicheka nao, lakini nilijua hukupenda. Harusini kule Mandawa, kila picha ilipotaka kupigwa ulinishika mkono: "Kaa chini, mwanangu, watu wasije wakakusema." Nikakaa. Mgongo ukazoea, mpaka hata nikisimama nilikuwa kama mtu anayeokota korosho.

Halafu klabu za ligi ya kikapu Dar es Salaam zikaanza kusaka wasichana warefu, wawe wanaujua mpira au hawaujui. Mimi sikuujua, na walinichukua hivyo hivyo. Mechi yangu ya kwanza uliitazama kwenye simu ya jirani. Uliponipigia nilisubiri unigombeze kwa ile kaptura, hukuigusia. Uliuliza tu mbona wenzangu wanakimbia na mimi nimesimama pale chini ya kikapu. Nikakujibu kwamba hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Wiki iliyofuata kikaja kifurushi kwa basi, ndani yake kanga uliyoiungia kipande. Niliificha chini kabisa ndani ya begi wenzangu wasiione.

Siku hizi, mama, mimi si mrefu tena. Kila msimu wanaletwa wengine, na kuna mabinti ninaowatazama kwa kuinua shingo. Yule mwenzangu mfupi aliyekuwa akituchezesha timu nzima ameachwa, wala hakuna aliyeuliza yuko wapi. Magoti yangu nayo yamechoka, kwa hiyo kocha akanipa kazi nyingine. Alisema kwetu wamehamia wafugaji kutoka Kanda ya Ziwa, watu warefu, niende nikatafute. Nikaja na futi kamba kwenye mkoba.

Nambilanje nilielekezwa kwenye boma moja la wafugaji. Binti alikuwa mlangoni, ameinama kidogo ili kichwa kisiguse boriti, kanga imemwishia kwenye miundi. Hata salamu sikuimaliza. Nilimwambia asimame wima, nikamwegemeza kwenye mwimo wa mlango, nikavuta futi kamba na kumtumia kocha vipimo. Jibu lilirudi palepale: mlete. Nilicheka kwa furaha mbele ya wenyewe. Mama yake akamwambia kitu kwa Kisukuma. Kisukuma sikijui, lakini nilielewa, kwa sababu binti alikaa chini.

Baba yake alikuwa ananitazama muda wote. Akaniita mayu, wanavyowaita kina mama kwao, kwa adabu kabisa. "Mayu, hata ng'ombe mnadani tunauliza kwanza katoka zizi la nani. Wewe umempima mwanangu, na jina lake hulijui."

Ndipo nikamuuliza binti jina. Anaitwa Kabula, alinitajia mwenyewe. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Nikienda huko nitacheza, au nitasimama tu?"

Swali lako, mama, lilelile. Walinikaribisha maziwa ya mgando, nikayanywa nimeinamisha uso, nikaaga. Wangenifukuza ningeumia kidogo tu. Mimi niliyekulia kwenye macho ya watu, niliyejua jinsi inavyouma kutazamwa kimo kabla ya sura, nimeingia nyumba ya watu na kumfanyia mtoto wao yaleyale, tena kwa kamba. Naona aibu mbele yao, na naona aibu zaidi mbele yako. Ulikuwa unashona usiniache miguu wazi, nami nikadhani unanificha tu.

Kocha anapiga simu tangu asubuhi, sijapokea. Kesho narudi Nambilanje. Futi kamba nimeiacha juu ya kitanda chako. Nabeba mpira, na ile kanga nimeitoa kwenye begi, nimeifua, inakauka uani. Nitamwambia Kabula ukweli: akienda sasa hivi atasimama tu, kama mimi. Akitaka kucheza, nitabaki hapa msimu huu nimfundishe kudunda mpira kwanza, kocha apende asipende. Akikataa, kanga ni yake vilevile, nami nitawaaga kwa heshima.

Mungu akulaze pema, mama. Umenishonea mengi, na asante nilikuwa sijakupa.

Kesho nikifika nitasalimia mpaka mwisho. Halafu nitakaa chini, kama ulivyonizoesha, ila safari hii ni ili yeye asimame.

Mwanao mrefu