Boti Iliyokwama Juu ya Magogo

Jumapili, 3 Septemba

Nesi wa zahanati kasema niandike. Presha imepanda tena. Anasema yanayonikera niyamwage kwenye karatasi, yasinizunguke kichwani. Haya. Ila mimi nilichozoea kuandika ni barua tu, na barua bila salamu siijui.

Basi salamu kwako Eliseo mume wangu, hapo ukutani kwenye picha yako, unisamehe vumbi. Salamu mama mkwe Zunilda, uliyesinzia kando ya jiko na kukoroma kama injini ya boti. Salamu Lucero na Clavel, maksai wangu, huko zizini. Salamu Pirata mbwa wetu, na kuku wote, hata yule anayekula mayai yake mwenyewe. Na salamu kuliko zote kwako Yasna mwanangu, uliyeko Puerto Montt kwenye baridi ya kiwanda, ukikata minofu ya samaki. Unavaa zile soksi za sufu? Unakula? Sisi wazima. Isipokuwa hasira.

Hasira yenyewe ina jina. Remberto Oyarzo. Don Remberto, yaani bwana mkubwa! Mwenye boti ya watalii, mwenye gati, mwenye kila kitu hapa Quilcoy isipokuwa haya.

Februari boti yake iligonga mwamba wa kisiwa cha pengwini. Usukani alikuwa nao Boris, mtoto wake, mkono mmoja akijipiga selfi na wasichana wa Santiago. Yasna, nahodha, alikuwa nyuma akimfunga bibi mmoja jaketi la kuokolea. Hakuumia mtu. Lakini maofisa wa bandari walipofika, Don akanyoosha kidole: aliyekuwa usukanini ni huyu msichana. Wakachukua leseni ya mwanangu. Watu wa boti wote kimya, wanakula kwa Don. Baadaye akamwambia Yasna pembeni — wewe kijana, utapata kazi nyingine, huyu wangu ndiye mrithi.

Mwanangu ambaye siku zote alizima injini mbali kabisa na mwamba, boti ikateleza yenyewe, pengwini wakaendelea kujikuna kama hakuna mtu!

Sasa sikiliza. Boti iko juu ya magogo tangu baridi ilipoanza. Basi la kwanza la watalii linakuja tarehe kumi na sita, wikendi ya sikukuu. Na maksai wa kukokota boti waliobaki Quilcoy nzima ni wa nani?

Wangu. Namngoja.

Jumanne, 5 Septemba

Ameomba. Kwa meseji!

Nilikuwa namenya viazi, simu ikalia. Boris. "Habari mama E, Ijumaa kuna minga ya boti, njoo na ng'ombe saa nne." Na kidole gumba cha njano.

Nimeisoma mara tatu. Nikamwita Clorinda wa jirani aisome yeye, labda macho yangu. Akaweka miwani. Akasema, "Shoga, hii si ombi, hii ni amri ya jeshini." Yeye naye kapata hiyo hiyo. Na kidole gumba.

Minga, kazi ya kijiji kizima kumsaidia mmoja bila malipo, huombwa kwa miguu! Unavua kofia mlangoni, unakaa jikoni kwa mtu, unakunywa atakachokupa, unasema shida yako kwa mdomo wako. Hata marehemu baba yake Don, aliyekuwa bahili wa kutisha, alipita nyumba kwa nyumba kwenye mvua. Nani aliwahi kuomba minga kwa kidole?

Mama Zunilda akauliza tunacheka nini. Nikamwelezea. Akasema basi na wewe wapeleke ng'ombe kwa simu.

Sikujibu meseji. Ee Mungu, nitalala vizuri usiku wa leo!

Ijumaa, 8 Septemba

Saa nne nilikuwa dirishani na kitambaa changu cha kufuma. Ufukweni alikuwepo Don, Boris, na Belarmino wa nanga, baharia wa boti ile, kwa sababu huyo analipwa. Basi. Kijiji kizima kimebaki ndani. Moshi kila bomba, na hakuna mlango uliofunguka.

Don alisimama muda mrefu, mikono kiunoni. Akatazama nyumba yangu. Nikampungia.

Jumamosi, 9 Septemba

Leo hata nikifa nimefaidi.

Don kaleta trekta kutoka mjini. Jekundu, jipya, dereva mwenye miwani ya jua — na jua lenyewe hatujaliona wiki mbili! Belarmino akamwambia kaka, hapo chini ya kokoto ni tope, liko laini kama uji. Dereva akasema mzee, hili ni farasi mia moja. Clorinda akapiga kelele kutoka barabarani: "Basi washushe hao farasi mmoja mmoja!"

Likaingia. Likakohoa. Likazama magurudumu ya nyuma hadi katikati. Maji yakaanza kujaa. Dereva kavua viatu, kavua miwani, anamlilia Don kama mtoto.

Wanawake wote tulikuwepo. Mtu kaleta hadi kiti kwa mama mkwe wangu. Sijawahi kumwona anacheka hivyo tangu Eliseo afe.

Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye simu nimpigie Yasna, nimwelezee. Nikaacha. Nikimtaja Don tu, mwanangu hukata simu.

Jumatatu, 11 Septemba

Mvua. Trekta bado liko pale. Samaki wanaingia na kutoka.

Clorinda hacheki tena. Kaja na sahani ya viazi vya kukaanga, akizungukazunguka mlangoni. Kasema keshanunua unga wa sambusa za kome kwa ajili ya watu wa basi. Kasema mwenye vyumba juu kule keshafua mashuka. Kasema, "Adui yako mmoja, Eduvina, na sisi tuko wangapi?"

Nikamwambia nyie mlikuwa wangapi Februari?

Kaondoka bila sahani yake. Viazi nimeshindwa kula. Presha.

Jumatano, 13 Septemba

Kaja!

Kwa miguu, kofia mkononi, matope hadi magotini. Alikuwa ametokea kwa Clorinda, na kabla ya hapo kwingine kote. Kanifikia mimi mwisho, mjinga. Nikamkaribisha. Nikampa kile kigoda ambacho mtu akikikalia moshi wa jiko humfuata. Nikammiminia pombe ya matufaha, ya chini ya pipa.

Akasema, "Mama Eduvina, nimekuja kuomba. Mimi mwenyewe."

"Naona."

"Lile la meseji ni vijana. Unawajua vijana."

"Namjua mmoja aliyekuwa na leseni."

Akakohoa. Moshi. Akasema yale yalishapita. Nikasema kwako.

Mama Zunilda, ambaye tunadhani hasikii, akauliza kwa sauti ya kanisani: "Huyu ndiye aliyemuuza Yasna?" Nikamjibu ndiye, mama. "Mbona mfupi hivyo?"

Don alikunywa kikombe chote. Machozi yanamtoka, sijui moshi, sijui pombe. Nikamwacha anywe cha pili. Halafu nikasema nitakuja. Jumamosi, maji yakijaa.

Na nitakwenda. Nimeshatoa neno, neno la minga halirudi. Lakini neno langu ni kuja na maksai. Sikusema watakokota hadi wapi.

Nimepanga hivi. Mteremko wa pale ni mrefu. Boti ikifika nusu, na magogo yako chini yake, nitasema "shhh" na Lucero na Clavel watasimama. Hawamsikii mtu mwingine duniani. Jumamosi ni bamvua, yale maji makubwa, yatapanda hadi kwenye ile kamba kuukuu ya kufungia boti, yatakaa kidogo, yatarudi. Bamvua nyingine hadi mwisho wa mwezi. Basi la watalii litafika, litakuta boti inaning'inia mteremkoni kama nguo iliyosahauliwa. Na hapo nitamuuliza mbele ya kijiji na mbele ya wageni: usukani alikuwa nao nani?

Akisema ukweli, watu wote wamesikia, tunapanda kwa maofisa kesho yake, Yasna anapata leseni. Asiposema, sikukuu yake imekwenda.

Nimekula viazi vya Clorinda vyote, vimepoa hivyo hivyo.

Ijumaa, 15 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Yasna kapiga simu. Sauti ile ya zamani, ya kabla ya Februari! "Mama, kaa chini." Nikajua amekatwa mkono kiwandani. Nikaanza kulia. "Mama, sijakatwa kitu! Nimeacha kiwanda."

Kapata kazi kwenye kampuni ya mabasi ya watalii. Msimamizi wao wa safari kaugua koo, hana sauti, kwa hiyo wamempa Yasna basi zima kwa majaribio. Atasimama mbele na kipaza sauti. Kanifanyia mfano kwenye simu: "Kushoto kwenu, mabibi na mabwana, nyumba zilizosimama kwenye miguu ya miti. Kulia, kanisa la mbao lisilo na msumari. Sasa tunapanda kivuko, fungeni makoti, upepo wa huku hauombi ruhusa." Nilicheka na machozi.

Halafu nikauliza basi linakwenda wapi, mwanangu.

"Huko, mama. Kwa pengwini. Kesho."

Basi lenyewe! Lile lile!

Kasema nisimwambie mtu. Kasema hataki maneno na Don, anataka ashuke zile ngazi za gati akiwa na koti lake jipya, awape watu safari yao, arudi. Watalii wazee watupu kutoka Valdivia, wamelipia pengwini na fisi maji, na wakikosa boti kampuni itamrudisha kiwandani. "Boti itakuwa majini, si ndiyo, mama?"

Nikasema itakuwa.

Nikakata simu. Nikakaa. Mama Zunilda akauliza nani kafa.

Sasa nifanye nini? Nikisimamisha, namchoma mwanangu kwa moto niliomwashia Don. Nisiposimamisha, atashuka ngazini kwa koti jipya, na Boris atamwambia karibu dada, angalia usiteleze, na kijiji kizima kitaendelea kusema ni yeye aliyegonga mwamba. Maisha yake yote. Atapita mbele ya usukani wake kama mgeni!

Nimewapa maksai shayiri. Sijui nimewapa ya kuvuta au ya kusimama.

Jumamosi, 16 Septemba

Naandikia mgongoni pa Clavel. Anahema, herufi zinapanda na kushuka. Nimeanza kwa ajili ya presha, basi ni presha hii.

Kila mtu kaja leo. Wanaume kwenye kamba, wanawake kwenye magogo, mvua ndogo. Maji yamejaa hadi kwenye kamba kuukuu. Nikafunga nira. Asubuhi nilikuwa nimeamua: navuta, namezea, mwanangu apate kazi yake. Nimeapa kwa picha ya Eliseo.

Tukaanza. Boti ikalia, ikashuka vizuri. Boris alikuwa amepanda juu, kasimama usukanini na kofia ya nahodha, anapiga picha. Kofia ya Yasna. Niliifuma mimi ile mistari ya bluu. Aliiacha mle ndani Februari.

Nikasikia mdomo wangu unasema "shhh."

Wamesimama. Nusu ya mteremko.

Don akapiga kelele, vuta! Watu wakavuta, boti haikujali. Nikauliza, wala sikupaza sauti: "Don Remberto, siku ile usukani alikuwa nao nani?"

Clorinda akaja mbio, "Eduvina, jamani, basi limeshavuka kivuko!" Nikamwambia najua kuliko wewe.

Don akanisogelea, anacheka kwa meno ya mbele tu. "Mama, haya tutayaongea nyumbani."

"Nyumbani ulishakuja."

Boris huko juu akavua kofia. Akafungua mdomo. Baba yake akamgeukia: "Wewe nyamaza!" Akanyamaza. Lakini watu wamemwona.

Halafu Belarmino wa nanga akaachia kamba. Kaachia, kakaa kwenye kokoto zilizolowa, kajifunika uso. Mwingine naye kaachia. Sasa kamba yote imelala chini na wanaume wamesimama mikono mitupu, wanamtazama Don. Don anatazama maji.

Maji yamesimama. Yakianza kurudi, basi tena.

Akisema neno moja navuta! Neno moja tu! Maksai wako tayari, wananisikilizia. Na hasemi.

Basi linakuja na mwanangu ndani. Nilimwahidi boti. Sikumwahidi kunyamaza, lakini nilijua ndicho alichotaka. Haya ni mambo yake kabla hayajawa yangu. Nimemwandikia meseji, kidole kinateleza kwa mvua, naikopi hapa nione kama nimeandika sawasawa:

"Yasna mwanangu, ni mama. Boti iko nusu ya njia, mimi ndiye niliyeisimamisha. Nimemuuliza Don ile siku usukani ulikuwa kwa nani. Wote wapo, wote wamesikia, na Belarmino kaachia kamba. Anakaribia kusema au anakaribia kuzimia, sijui. Nikivuta sasa utapata boti yako na wazee wako watawaona pengwini. Nikingoja, labda utapata jina lako. Vyote viwili kwa pamoja sina uhakika. Niambie nivute au ningoje. Nijibu upesi, mama, maji yanaanza kurudi."