Kumwachisha Asmaa

Jumamosi, 14 Juni 2025

Baridi ya Mbeya, huku kwetu Soweto, leo haina adabu. Maji ya ndoo yanauma vidole. Tumeshinda jikoni, mimi na Asmaa, tukatengeneza ng'ombe wa kokwa la parachichi — miguu njiti za kiberiti, mkia uzi wa gunia. Asmaa kasema ng'ombe ana njaa. Kafunua gauni, kamnyonyesha! Nimecheka mpaka machozi. Halafu nikakumbuka, leo ndiyo siku niliyopanga kupaka shubiri kwenye ziwa, aache kunyonya.

Nimepaka. Kaonja, kakunja uso, kavuta pindo la khanga yangu mwenyewe, kafuta, kaendelea kunyonya.

Nasri anasema nimepaka kidogo makusudi. Mume wangu huyu akipatia jambo huwa sina hamu ya kumwambia.

Jumapili, 15 Juni

Mama mkwe kapiga simu kutoka Nyololo, kijijini kwao Nasri. Anaongea na mwanawe lakini kwa sauti ya kunifikia mimi. Mtoto katimiza miaka miwili, hata dini imeweka mpaka, sasa ananyonya kwa mazoea tu. Atakuja kumchukua. Watoto wote wa ukoo wao huachishwa kwa bibi, Nasri mwenyewe aliachishwa hivyo. Maziwa yakikauka, anarudi kwa mama yake.

Nasri: ndiyo mama, ndiyo mama. Nikaulizwa na mimi. Nikasema sawa. Ulimi huu!

Jumanne, 17 Juni

Wameondoka. Mama mkwe alimfunga mgongoni kabla sijamaliza kumvisha soksi. Asmaa kadhani wanakwenda dukani, kanipungia mkono anacheka.

Soksi moja ninayo hapa.

Jumatano, 18 Juni

Kifua kinawaka. Nimekifunga khanga hadi pumzi inagoma. Sokoni kalia mtoto, wala simjui — blauzi yote ikalowa.

Ijumaa, 20 Juni

Mercy wa nyumba ya pili, Mnyakyusa asiyejua kunong'ona, kaja na majani ya kabichi nibandike kifuani. Kaona nakamulia maziwa kwenye bakuli.

"Mama Asmaa, usije ukamwaga chini! Sisimizi wakiyanywa utaugua. Peleka kwenye mgomba."

Nimepeleka kwenye mgomba. Nimesimama pale kama mtu anayezika. Mercy kaniuliza nalia nini, mtoto si kaenda kwa bibi yake tu? Kweli kabisa. Kwa bibi yake tu. Lakini barabara nzima inaniita Mama Asmaa, na Asmaa hayupo.

Mchana nimekata bamia vipande, nikachovya kwenye bizari, nikagonga kwenye karatasi. Maua ya njano yamejaa. Huu mchezo aliupenda sana, vidole vilikuwa vinabaki na njano siku nzima. Mtu mzima mimi, nachapa bamia peke yangu! Nimemaliza bakuli zima, mboga ya jioni hatuna. Nasri kakuta ugali na chumvi, katazama maua niliyobandika ukutani, kala. Karatasi moja nimempa Saulo, konda wa mabasi ya Iringa, aishushe Nyololo.

Alhamisi, 26 Juni

Nimepiga simu. Mama kamwekea Asmaa sikioni. Nasikia pumzi tu. Nikaita jina lake, nikaimba, nikalia kama paka. Pumzi. Halafu kamwambia bibi yake: "Kuku!" Kakimbia.

Mama anasema anakula vizuri, haulizi ziwa. Haulizi kabisa. Nimesema alhamdulillah. Nilitaka aulize.

Jumatatu, 30 Juni

Maziwa yamekauka. Nimemwambia Nasri: nakwenda kumchukua mwanangu. Kazunguka, kakohoa, mwisho kasema. Mama anaomba Asmaa abaki mpaka mwakani. Yuko peke yake kule tangu baba afariki, nyumba imechangamka, na sisi bado vijana, tutapata mwingine.

Tutapata mwingine! Nikamuuliza huyu kamchoka? Kaenda kuswali isha mapema kuliko muadhini.

Jumamosi, 5 Julai

Nyololo. Ukungu, misonobari, moshi. Nimemkuta uani na bibi yake, wanatunga sindano za msonobari kuwa mkufu. Anachomeka moja ndani ya nyingine, ulimi nje, hakosei. Mimi sikumfundisha hilo. Mashavu yamejaa. Nimemchutamia nikafungua mikono.

Kajificha nyuma ya bibi yake. "Mama, nani?"

Mama hapo ni mkwe wangu. Na angemwitaje? Kila mtu nyumba hii anamwita Mama, hata mimi.

Mama hakufurahi, nimemtazama usoni. Kaona haya kuliko mimi. Kamsukuma taratibu: "Nenda, ndiye mama yako." Asmaa kaja, kanipa mkono, kaniamkia. Shikamoo! Mwanangu kaniamkia kama mgeni. Nimeitikia marahaba, nikaingia chooni nikalia huko.

Jumapili, 6 Julai

Niko barabarani, naandika juu ya goti. Asmaa kalala mapajani.

Asubuhi nilisema mwenyewe, bila Nasri wala simu. "Mama, nashukuru kwa yote. Ila naondoka naye." Alikuwa anapuliza moto. Akapuliza weee. Nikadhani hakusikia.

"Amna," kaniita kwa jina langu, "mimi sikukuibia."

"Najua, Mama."

"Mchukue. Lakini akililia kubaki hapo barabarani, mrudishe. Mtoto hadanganyi."

Nikasema sawa. Ulimi huu huu! Kambeba mwenyewe mpaka hapa, kamlaza mapajani kwangu amelala, kamfunika shuka lake yeye. Sasa amekaa ng'ambo ya barabara, kwenye gogo la kibanda cha viazi. Anamtazama mtoto, mimi namtazama yeye. Mikono hajui aiweke wapi. Namhurumia, Mungu ananiona. Lakini sirudi na mikono mitupu.

Basi la Mbeya limetokea kwenye kona. Honi! Asmaa kafumbua macho. Ananitazama, anamtafuta bibi yake, kamwona ng'ambo. Mdomo umeanza kukunjamana.

Mimi siku ya harusi yangu nililia kutoka Iringa mjini mpaka Soweto, na Mama huyuhuyu alikuwa kiti cha jirani ananifuta kamasi. Hakuna aliyesema nirudishwe.

Kaanza kulia. Kalamu naweka, mkono naupunga, konda anione —