Moto Uliorudi Nyuma

Thorpe Fen, Lincolnshire
3 Agosti 1948

Kaka Cliff mpendwa,

Hujambo huko Ujerumani? Sisi wazima, isipokuwa baba na goti lake. Anavyolilalamikia utadhani dunia nzima yeye ndiye wa kwanza kuwa na goti. Kuku wanataga vizuri.

Naolewa mwezi ujao na Gerd, yule mfungwa wa vita wa Kijerumani aliyebaki hapa shambani kwetu. Watu kanisani wananong'ona, waache wachoke. Baba hawezi kutembea, kwa hiyo nataka wewe unishike mkono unipeleke altareni. Gerd anasema, "Akija shemeji nitamkaangia mayai mwenyewe." Kwao ni kijiji cha Altenrode, nje ya ule mji mlioupiga mabomu mwaka '43. Mama yake alikufa usiku ule.

Dada yako,
Mabel

Wunstorf, Ujerumani
20 Agosti 1948

Mabel,

Salamu zimefika, nami sijambo. Hongera. Siwezi kuja. Sisi tuliorusha ndege za mabomu sasa tunawabebea unga watu wa Berlin, waliofungiwa njia na Warusi, na ruhusa hakuna. Msalimie baba na goti lake.

Kaka yako,
Cliff

Thorpe Fen
11 Mei 1957

Kaka Cliff,

Habari za Aden na joto lake? Sisi hatujambo. Tumeona gazetini umepandishwa cheo tena, na medali zimekujaa kifuani.

Harusi hukuja. Ubatizo wa watoto hukuja. Mazishi ya baba ulisimama getini, ukaondoka kabla ya chakula. Jana Gerd kaniuliza, "Kaka yako ananichukia kwa kuwa mimi Mjerumani?" Nikamwambia nitakuuliza wewe. Nijibu basi, hata kwa tusi.

Dada yako,
Mabel

Aden
2 Juni 1957

Mabel mpenzi,

Nawaombea afya njema. Huku joto tumelizoea.

Simchukii Gerd. Namwogopa. Usiku ule wa '43 mizinga yao ya kutungulia ndege ilitutikisa vibaya. Sheria ilikuwa rubani kama mimi aruke sawasawa, bila kukwepa, mpaka mlengaji wa mabomu aseme tayari. Wangu alisema, "Bado, bosi, bado kidogo." Nikamfokea, "Achia!" Nilitaka tu kutoka pale. Waliotufuata wakalenga moto wetu, nao kwa woga wakaachia mapema zaidi, na walio nyuma yao vilevile, moto ukarudi nyuma mpaka vijijini. Asubuhi nilionyeshwa picha. Altenrode ilikuwa inawaka.

Kila aliyerudi alipewa yai la kukaanga, wakati raia wengi kwa ajili ya mgao walikuwa wanayaota tu. Nililila, nikaramba na sahani. Tangu siku hiyo yai halinipiti kooni. Nimeng'ang'ania jeshi miaka yote hii kwa sababu huku hakuna anayeniuliza kitu. Naona aibu, Mabel. Usimwambie.

Kaka yako,
Cliff

Thorpe Fen
19 Juni 1957

Kaka yangu,

Sikuulizi hali, naijua. Nimemwambia. Nikasirikie ukitaka, lakini mimi ndiye ninayelala naye kitanda kimoja.

Alienda kukamua ng'ombe. Aliporudi akasema, "Mzinga mmoja katika ile iliyomtikisa ulikuwa wetu. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na saba. Kila ndege ikigeuka tulishangilia, tunasema tumewafukuza mjini. Sikujiuliza mabomu wanayamwaga wapi." Kisha akalia, kaka. Sijawahi kumwona akilia.

Nikamuuliza nikuandikie nini. Akasema, "Mwambie sijamsamehe. Lakini nimechoka kumlilia mama peke yangu. Aje."

Dada yako,
Mabel

Aden
1 Septemba 1957

Mabel,

Natumaini hamjambo nyote. Barua yako nimekaa nayo muda mrefu. Nimeomba kuacha jeshi, wamekubali.

Nitashuka stesheni Jumamosi, tarehe 14. Mayai msinikaangie kwanza. Mwombe Gerd anisubiri mezani, na nikikaa tu, kabla ya jambo lingine lolote, aniambie mama yake aliitwa nani.

Kaka yako, na shemeji wa Gerd akinikubali,
Cliff