Mlingoti wa Mwisho

Curragh, Jumatatu

Shangazi Bríd mpenzi,

Mimi mzima, ila mvua haikomi. Mkate wako umefika. Nimeonja kipande tu kwa kuogopa mizani ya kabla ya mbio.

Najua umeshasikia. Kwenye duru ya tatu ya mashindano yetu sisi majoki wanagenzi, wapanda farasi wa mbio tunaojifunza, niliongoza, nikaona mlingoti mweupe, nikadhani ndio wa kumalizia, nimeshinda, nikamlegeza farasi. Haukuwa wa mwisho. Wakanipita wote.

"Hongera, umeshinda mbio zako peke yako!" wenzangu wakanizomea.

Mzee Fintan, mwalimu wangu, hakucheka. Alinipeleka kwa miguu mpaka kwenye mlingoti wa mwisho wenyewe. "Ushike," akasema, "mjuane."

Kaka yako anataka nirudi nyumbani nikakamue ng'ombe. Mwambie duru ya mwisho ni Jumapili, na safari hii farasi mwenyewe ndiye atakayeniomba tusimame.

Mwanao, mkaidi kukushinda,
Orlaith