Dawa Uliyomwachia Emérance

Mwaka umezunguka, Hélène Mave wetu, tangu Mei ile ya 2003 ulipoanguka karibu na uwanja wa ndege wa Bunia, mbele ya macho ya watu. Hatujakulilia inavyostahili. Haya ilitufunga midomo.

Ulikuwa mwepesi wa kucheka. Chai yako uliijaza tangawizi hadi wageni wakakohoa. Ulisoma Kisangani, ukaendelea Ubelgiji, ukarudi daktari wa sayansi, si wa sindano, na mtaani watu hawakuelewa unafanya kazi gani. Viviane, mke wa kaka yako Athanase, alikuuliza siku moja mkichambua sombe, majani ya muhogo, uani.

"Mu moyo na mu ubongo muko milango midogo sana, macho haiwezi kuiona," ulimjibu. "Chumvi ya mwili inapita mule, inaingia, inatoka. Ni vile moyo inapiga, ni vile kichwa inawaza. Mulango moja ikikosa kufanya kazi muzuri, moyo inavurugika."

"Ni ile iliua Yves?"

"Ni ile."

Yves, binamu yenu, alianguka kule Nizi baruti ilipolipuka mgodini. Alitetemeka, akatoka povu, akafa. Wengine walisema kifafa, wengine ulozi. Wewe ulikuwa umetumia ujana wako wote kuchunguza mlango wa namna hiyo hiyo, unaopatikana moyoni na pia ubongoni, na ulijua kwamba kelele ya ghafla inaweza kumwangusha mtu aliyezaliwa nao ukiwa mbovu. Ulijipima kwa mashine inayochora mapigo ya moyo, ukaukuta ubovu huo kwako. Ukampima Emérance, binti wa Athanase, ukaukuta kwake. Athanase mwenyewe alikataa.

"Mutachora moyo yangu, kisha watu waseme familia yetu iko na ugonjwa. Nani ataoa hawa mabinti?"

Hukugombana naye. Kila asubuhi wewe na Emérance mlikunywa dawa ile ile ya kulinda moyo, mkigonganisha vikombe vya maji kama watu wa arusi.

Vita vilipoingia mjini, barabara zikafungwa, maduka ya dawa yakavunjwa. Tulikimbilia kwenye maturubai karibu na uwanja wa ndege pamoja na maelfu ya wengine. Ndipo Emérance alipoona kwamba dawa iliyobaki unampa yeye tu.

"Tantine," alikuita, wewe shangazi yake, "na ya kwako?"

"Nilishakunywa."

"Saa ngapi? Sikukuona."

"Weye kunywa, mama. Moyo yangu ilishazoea makelele."

Ulisema huku ukicheka. Emérance alitaka sana kukuamini. Akameza.

Mchana bomu lilipoanguka ng'ambo ya barabara, ulikuwa unakung'uta blanketi. Ulikaa chini taratibu, kisha ukalala ubavu, mwili ukaanza kutetemeka. Emérance alikurukia. Ulikuwa umemfundisha: mikono miwili katikati ya kifua, sukuma kwa nguvu, usiache. Alisukuma. Watu wakaanza kupiga kelele.

"Iko na kifafa! Usimuguse! Mate yake itakuambukiza!"

Wakamvuta mabegani. Akasukuma tena, wakamvuta tena, na safari hii akaachia. Alisimama pale mikono ikining'inia, watu wamekuzunguka kwa mbali. Muuguzi alipofaulu kupenya, ulikuwa umekwisha kwenda.

Kwenye matanga tulisikia wakinong'ona ulozi, nasi tukanyamaza. Emérance hakulia. Watu wakimwambia kanisani, "Mungu alikuokoa," aliinamisha uso kama aliyekamatwa na kitu cha mtu. Hata wali wa sikukuu alikula kwa kujificha.

Barabara ilipofunguka, Kamate, mwenzako wa utafiti, alifika kutoka Butembo na mashine yake na dawa. Majirani wakaja kusalimia, wakajaa uani. Kamate alimweleza Emérance kwamba pasipo mashine ya kushtua moyo, hata mikono yenye nguvu mara nyingi inashindwa.

"Labda," akajibu. "Lakini niliachia."

Akarudisha dawa mezani. "Hii ni ya Tantine. Mimi nilishakunywa yake."

Viviane alianza kulia. Athanase aliinuka. Alivua shati, akajinyoosha kwenye benchi mbele ya majirani wote, akamwambia Kamate, "Chora."

Mashine ikachora. Kamate alifuata mistari ya karatasi kwa kidole.

"Ni ile ile, Papa Athanase."

Athanase akaketi, kifua wazi. "Musikie wote. Haikukuwa bulozi. Dada yangu alikufa na ugonjwa ya familia yetu, na mimi pia niko nayo." Kisha akamgeukia binti yake. "Moyo hii ni mimi nilikupatia. Weye ulimuachia Tantine wakati watu walikuvuta. Mimi nilimuachia mbele ya vita kuanza, na hakuna mutu alinivuta. Haya yetu tutabaki nayo, siye wote wawili. Lakini kunywa."

Alimimina maji kwenye vikombe viwili. Emérance alimtazama baba yake, shati mkononi, mabega yameinama, mtu mzima anayeona baridi mbele ya watu. Akachukua dawa. Akanywa. Athanase akanywa baada yake.

Hatutakudanganya, Hélène. Haya haijamtoka, wala sisi. Lakini asubuhi wanakunywa pamoja, na akichelewa, baba yake anamngoja.

Mzazi ambaye mtoto wake anaanguka akisikia kelele, usimfiche, usimwite mlozi. Mpeleke apimwe moyo.

Wanaokukumbuka: kaka yako Athanase; shemeji yako Viviane; Kamate, mwenzako wa kazi; na Emérance, ambaye hatimaye amekubali jina lake liandikwe, mradi liwe la mwisho.

Hatutakusahau kamwe, Hélène.