Jua Lenye Moshi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepunguza maudhi na kikohozi kimekuacha upumue. Huku mimi na wajukuu zako tu wazima wa mwili. Moyo ndio unaochemka, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningelia, nawe ungeninyamazisha kabla sijamaliza.

Nimepata ujumbe wako kwamba Jumamosi chama chenu cha ushonaji kinaweka rehani vyerehani vyote kumi na viwili, mnunue zile paneli mpya za jua za kuwashia pasi zenu, nyembamba, za kukunjika kama mkeka. Umesema mmeisoma kikaoni ripoti ya mdogo wangu, Profesa wetu, kwamba kibanda changu cha udobi kimeachana na mkaa na paneli zitajilipa zenyewe ndani ya miaka miwili. Mkapiga makofi.

Ati zitajilipa. Nimeisoma ripoti hiyo mara tatu, nikatamani kuichana. Profesa anajua jua linatoa umeme kiasi gani, lakini pasi hajaishika tangu azaliwe. Mashati yake yote nimeyanyoosha mimi. Hajui pasi ya umeme ilivyo na ulafi. Mchana kweupe nanyoosha mashati matatu, la nne pasi imeshapoa. Likipita wingu, ndiyo basi tena. Wateja wangu wanataka nguo asubuhi na mapema, wakati jua halijapata nguvu, kwa hiyo lazima betri, na betri yenyewe haikumaliza miezi saba. Ripoti nzima haina hata mstari mmoja kuhusu kununua nyingine. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole kwamba ameandika kilichopimwa. Upole wake ukanikera zaidi.

Wateja walishaona. Karani mmoja alinusa kola yake akasema jua langu lina moshi. Nilicheka naye, lakini neno lile lilinikaa.

Na huyo Profesa, kila mwisho wa mwezi alikuja kuchukua daftari la vipimo, akaketi nyuma ya kibanda juu ya gunia, akanakili. Gunia la mkaa, Mama. Mwaka mzima amelikalia asiulize ni la nini. Msomi mzima.

Sasa niseme, maana hasira hii nimeitupia kila mtu isipokuwa mwenyewe. Hesabu zake ni sahihi. Daftari ndilo la uongo, na nililijaza mimi. Kila siku nilinyoosha kwa mkaa nikaandika "jua". Wenye mradi waliniahidi kwamba majaribio ya kibandani kwangu yakifaulu paneli zingekuwa zangu, na mdogo wangu alikuwa bado hajathibitishwa kazini. Nikajiambia namsaidia. Sikufikiri kuna mtu angeweka tonge lake rehani kwa mwandiko wangu, sembuse wewe.

Msisaini. Kwa taa na kuchaji simu paneli hizo zinafaa, sizisingizii. Kwa pasi zitawafilisi. Profesa nimemwandikia leo hii. Akipoteza kazi atanilaumu, na ni haki yake. Wenzako wasomee barua yote, hata hapa ninapojiumbua.

Wasalimie wote wanaonikumbuka kwa wema, na watakaobadili mawazo pia.

Ni mimi mwanao,
Dobi

Nimesahau: lile gauni la bluu nililokunyooshea, unalowaonyesha wenzako kwamba limenyooshwa kwa jua, linuse kwenye pindo.